Bakuli Kwenye Kaburi la Baba Yako

Tinde, alasiri, kesho ndiyo safari yako

Kwako Salumu, mwanangu unayenizidi umri,

Nakuandikia kwa sababu naujua mdomo wangu. Tukikaa ana kwa ana nitasema maneno mawili, kisha nitaanza kutazama vidole vya miguu yangu, nawe utacheka: "Haya baba, hotuba imekwisha?" Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Umekwenda gulioni kuagana na wenzako, na mimi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, karatasi iko magotini. Nitakupa barua hii kabla ya magharibi. Isome polepole, maana jambo lililomo linataka jibu kabla ya lori la kesho kuja kukuchukua kwenda stesheni ya Shinyanga.

Habari za kufunga mzigo siziandiki. Mama, yaani bibi yako, amekwisha kuzisema zote, na nyingine amezisema mara mbili: tikiti ikae ndani ya kofia, maziwa ya Tabora usiyanywe, viatu usivivue ndani ya treni. Mimi nataka kusema juu ya lile lililotokea leo mchana tulipokuwa tunakula.

Mama alisema, "Ukifika Dar es Salaam, kabla hujatafuta kazi ya bandarini, utakwenda Bagamoyo kuzuru kaburi la baba yako."

Ukasema, "Siendi."

"Umesemaje?"

"Bibi, nimesema siendi. Aliniacha akiwa na miguu miwili. Leo hana hata mmoja, ndiyo mimi nimfuate?"

Mama aliweka bakuli la mboga chini. "Basi kesho ondoka kama mpita njia. Mimi sitatoka nje."

Ulijua maana yake, nami nilijua. Katika nyumba hii hakuna anayesafiri bila Mama kusimama mlangoni alfajiri, akachukua maji mdomoni, akampulizia kifuani na kumtajia maneno ya heri. Hata siku ile ulipokwenda Geita mgodini mkiwa mmegombana tangu jana yake, alikupulizia, tena kwa nguvu, ukaondoka umelowa. Leo amekunyima. Halafu akanigeukia mimi: "Wewe ndiye babake. Mwambie." Nikameza tonge. Ulinitazama ukingoja, na mimi nikachukua tonge jingine.

Nimesimama kidogo kutazama barabara. Hakuna kitu, ni vumbi tu. Tangu mchana sikai mahali pamoja. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Shuleni wenzangu hunicheka nikisema nina mtoto mwenye ndevu. Lakini ndivyo ilivyo. Baba yako Hamisi alikuwa kifungua mimba wa Mama, mimi ni kitinda mimba, na wote wa katikati walikufa wadogo. Mama alinizaa akiwa na mjukuu anayeanza kutembea, ndiye wewe. Ndugu mdogo wa baba ni baba, na wewe mwenyewe hujawahi kubisha. Ulikuwa ukiniangusha mieleka, ukanikalia kifuani, kisha ukasema kwa adabu, "Shikamoo baba," nami nikaitikia "Marahaba" nikiwa na mchanga mdomoni. Hamisi alipokwenda pwani asirudi, mama yako akaolewa Nyahanga, babu yako akafa, nyumba ikabaki na Mama na sisi wawili. Kwa hiyo baba uliyebakiwa naye ni mimi. Ni bahati mbaya kidogo.

Baba wengine huwaandikia watoto wao mambo waliyojifunza kwa miaka arobaini. Mimi nina kumi na sita, na ile ya mwanzo siikumbuki. Safari kubwa niliyowahi kufanya ni moja, ile ya Bagamoyo na Mama mwaka juzi, tulipopata habari kwamba Hamisi amefariki. Wewe ulikuwa Geita. Ulipokuja nyumbani nilitaka kukusimulia, ukasema, "Sitaki habari zake," ukaenda kuchota maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Leo nasimulia. Ukitaka kuchota maji, nenda na barua kisimani.

Nilikwenda na kiburi, lazima niseme. Nilikuwa nimesoma shuleni habari za miji ya kale ya pwani, misikiti ya mawe iliyojengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, na makaburi ya watu wakubwa. Njia nzima nilimweleza Mama mambo ambayo hakuyauliza. Yeye alikuwa anakwenda kuomboleza mwanawe. Mimi nilikuwa nakwenda kuona yale niliyoyasoma.

Mtu aliyetupokea anaitwa Mzee Shomari. Yeye huangalia makaburi ya kale kule Kaole, nje kidogo ya mji, na ndiye aliyekuwa akikaa na Hamisi. Alitupeleka kwanza kwenye msikiti wa mjini ambao baba yako alikuwa akiufagia na kusafisha birika lake. Mlangoni, pembeni ya maji, pana jiwe la matumbawe lenye mikwaruzo. Nilikuwa nimechoka, nikalikalia.

Mzee Shomari akakohoa. "Mwanangu, hicho si kiti. Watu husugulia miguu hapo."

Waliokuwa wakitawadha waligeuza nyuso zao kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kicheko. Nilisimama na siku ile nzima sikuthubutu kukaa tena mahali popote. Hata nilipopewa kiti cha kweli nilisema nimezoea kusimama. Nakuambia haya kwa sababu najua hutaki kuonekana mshamba huko uendako. Utaonekana. Utakalia jiwe lako. Ukishalikalia, inuka, kisha tafuta kiti ukae, usifanye kama mimi.

Kesho yake tulikwenda Kaole kwa miguu. Msikiti wa kule hauna paa. Kibla kimesimama peke yake na anga iko juu yake, na mbuzi walikuwa wakila majani ndani. Nilitarajia kuona utukufu wa kunishangaza. Badala yake nilihisi kama mtu aliyefika kwenye sherehe watu wamekwisha kuondoka. Nilizunguka, nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Hapakuwa na kitu kilichonituliza. Makaburi yamezunguka pale, yamejengewa kuta ndogo za mawe, na mengine yana nguzo ndefu kichwani. Jina ni nadra kuonekana. Wageni huja wakachoma ubani na kunyunyiza marashi, wakasoma Fatiha kwa ajili ya watu wasiowajua. Kwenye baadhi ya nguzo wajenzi wa zamani walipachika mabakuli ya kauri, meupe na buluu. Mengi yameng'olewa, yameacha mashimo ya duara.

Mama alipoyaona mabakuli yale alishika mkono wangu akaanza kulia, lakini kilio cha furaha.

"Wanawalisha! Tazama, Idi. Kila mmoja na bakuli lake."

Nilielewa anachoona. Sisi huku tunawawekea masamva, wale waliotutangulia, unga na pombe kwenye vijumba vyao, na Mama, pamoja na kusilimu kwake na sala zake tano, hajawahi kuamini kwamba maiti hashikwi na njaa. Alikwenda kwenye nguzo moja, akachuchumaa, akapiga makofi yale ya kuamkia wakubwa, akasema, "Mwangaluka, asanteni kumkaribisha mwanangu." Kaburi lile lilikuwa la mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita.

"Ni mapambo tu, mama," alisema Mzee Shomari taratibu.

"Mapambo ya nani? Bakuli ni la kulia."

Mzee akanitazama. Mimi, msomi, nilitazama mbuzi. Basi akatupeleka nyuma ya kuta, kwenye mchanga, mahali wanapozikwa watu wa siku hizi. Kaburi la baba yako ni tuta dogo lenye jiwe kichwani na jiwe miguuni. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza kulisawazisha.

Mama alilizunguka akitafuta. "Bakuli la mwanangu liko wapi?"

Akafungua kitambaa chake, akatoa lile bakuli la bati tulilokuwa tukilia ndani ya treni, akaliweka kichwani pa kaburi.

"Mama, haifai," alisema Mzee Shomari. "Maiti wetu anataka mchanga na dua. Basi."

"Dua utasoma wewe. Mimi ni mama yake, kazi yangu ni kulisha."

Mzee alishusha pumzi, kisha akaniambia, "Soma Yasini, mwanangu. Wewe ni ndugu yake." Niliijua kwa moyo, Salumu. Unajua nilivyoihifadhi, ulinisikia kila jioni mpaka ukanitupia ndala. Nikaanza. Palikuwa na watu wanne tu, wawili wao wachimba makaburi waliojipumzisha. Nikafika aya chache, sauti ikakatika. Kilio nisingekionea haya. Ilikuwa ni aibu tu, kusikia sauti yangu peke yake mahali palipo wazi. Mzee Shomari akaendelea nilipoachia mpaka mwisho. Tulipokuwa tunaondoka niligeuka nikamwona ameinama, analikandamiza lile bakuli mchangani kwa mikono miwili, upepo usilichukue.

Lori limepita sasa hivi kwenda Kahama, nikakimbia kutazama kana kwamba ndilo lako. Nitaandika haraka.

Jambo ninalotaka hasa ulijue ni hili. Jioni tulikaa barazani kwa Mzee Shomari, tukapewa kahawa. Mama akauliza, "Alikuwa anatutaja?"

Mzee alicheka. "Kuwataja? Alituchosha na Salumu wake. 'Salumu sasa anang'oka meno ya utoto.' 'Salumu sasa atakuwa anachunga ndama.' Tukamwambia, bwana we, si uende ukamwone? Akajibu, nikipata cha kwenda nacho."

"Kitu gani hicho?"

"Mwaka wa kwanza alisema kanga za mama. Akapata kanga, akaziuza, akasema kanga mbili ni aibu kwa mtu aliyekaa mwaka mzima pwani. Ikawa cherehani. Kisha ng'ombe. Mwishowe alitaka arudi na bati za kuezekea nyumba. Kila nikimwona kwenye kituo cha malori namuuliza, leo ndiyo leo? Ananiambia, natuma salamu tu."

Hizo salamu hazikufika Tinde. Labda zilifika zikiwa zimempoteza mwenyewe.

Sisemi haya ili umsamehe. Mtoto wa miaka mitano hali salamu. Nasema kwa sababu nilikuona siku ile uliporudi kutoka Geita. Hukujua kuwa niliona. Nilikuwa nimepanda juu ya kichuguu kusoma, jua la mchana, nikakuona unaacha barabara kubwa, unapita katikati ya mtama, unakaa humo. Ulikuwa na fulana yako na mikono yako tu. Watu walipita wakienda gulioni, ukainamisha kichwa. Ulikaa mle mpaka barabara ikawa tupu, ndipo ukaja nyumbani kwa njia ya nyuma. Ukatuambia umefika na lori lililochelewa. Mama akakupa ugali, wala hakukuuliza umeleta nini. Lakini tangu siku hiyo hukutulia hata kidogo. Unaamka, unatoka, unarudi, unazungumza habari za Dar es Salaam kana kwamba kuna moto nyuma yako. Kwa miaka uliyokuwa mgodini dhahabu yote ilipita mikononi mwako kwenda kwa wengine, na wewe unaona ni kosa lako kwamba hakuna chembe iliyonata.

Nilipaswa kushuka kutoka kichuguuni nikuite. Nilibaki na kitabu, nikageuza kurasa bila kusoma. Sikujua baba hufanya nini katika hali hiyo. Sasa nafikiri nimejua, na ni jambo dogo: angeingia kwenye mtama akakaa na wewe.

Salumu, una uso wa Hamisi, kila mtu anasema. Sijui kama una miguu yake pia, ile isiyotulia. Ninachoogopa siyo kwamba utakwenda. Ninaogopa kwamba mwaka mmoja utasema kanga, na mwaka wa pili utasema cherehani. Mtu akikawia, zawadi inazidi kukua, mpaka inakuwa kubwa kuliko mlango wa nyumbani. Ikifika hapo haiwezekani tena kurudi.

Kuhusu kaburi, Mama anataka nikuamuru. Kwa mila naweza. Siamuru. Mimi nilisimama pale sikuwa na neno langu mwenyewe, nilikuwa na maneno ya kuhifadhi tu, nayo yakaniponyoka. Wewe unayo yako, ya tangu ukiwa na miaka mitano. Ukienda, nenda na hasira yako, usiivue mlangoni kama viatu. Mwambie ulichotaka kumwambia. Makaburi ya kule yamesikia wageni wa kila namna. Usipokwenda, Mzee Shomari ataendelea kusoma, na mchanga utaendelea kushuka, na wewe utabaki mwanangu vilevile.

Nilipofika hapa niliacha kalamu nikaingia jikoni. Mama alikuwa anachagua kunde kwenye ungo. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka na kivuli changu.

"Unanizibia mwanga. Sema."

"Kesho Salumu nitampulizia mimi."

"Utampulizia nini?"

"Maji. Akikubali kwenda kaburini nitampulizia, akikataa nitampulizia."

"Wewe? Huna hata ndevu."

"Ndevu za nini? Ni maji."

Hakucheka. Aliendelea kutupa mawe ya kunde nje, moja moja. Sijawahi kumjibu Mama namna ile, lakini nilikuwa nimekwisha kuanza. Nikamuuliza, "Hamisi alipoondoka, ulimpulizia?"

"Nilimpulizia."

"Ukamwambia nini?"

"Maneno ya watu wote. Nenda salama, mwanangu, usirudi mikono mitupu."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kuku aliingia akadonoa kunde mbili tatu, hakumfukuza. Nilidhani ataniambia nitoke. Akainuka, akachota maji kwenye kata, akanipa.

"Chukua kidogo. Ukijaza mdomo utamlowesha shati lote, asafiri na baridi. Lenga hapa, kifuani. Kisha useme, usinung'unike. Anayenung'unika habariki mtu."

Nilijaribu kwenye ukuta. Mara ya kwanza yalinitoka puani. Mara ya pili Mama alisema, "Hivyo." Kisha akarudi kwenye kunde zake, akanipa mgongo.

Kama atatoka nje kesho au hatatoka, sijui. Sikumuuliza. Nimesikia sauti yako njiani, unaimba vibaya, kwa hiyo namaliza. Alfajiri simama mlangoni, ufungue kifungo cha juu cha shati, usinichekeshe. Watu wa lori watakuwa wanatazama, na jirani zetu wote, na mimi nitasema kwa sauti ambayo hata dereva ataisikia: Nenda, mwanangu. Na urudi, hata mikono mitupu.

Ni mimi baba yako,
Idi